Chumba cha Kutazamiwa

Alasiri ile, kama kila alasiri, Nasr alizunguka na kahawa katika sabla, ukumbi wa baraza la wanaume wa mtaa wao wa Hamriya, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Baba yake, Mzee Yaarub, alikunywa, akaitikisa finjani kuonyesha kwamba imetosha. Bwana Bakhit naye akatikisa. Aliyefuata hakutikisa. Alikuwa Thabit, kaka yake Nasr, aliyezikwa kabla ya Ramadhani. Mkono mmoja wa kanzu yake ulikuwa umekunjwa hadi juu ya kiwiko.

Nasr alimmiminia tena, kwa kuwa mgeni asiyetikisa humiminiwa. Akamimina mpaka dele likawa tupu.

"Marehemu huyu atatumalizia kahawa," alisema Bakhit. "Thabit, moyo hujambo?"

Aliuliza hivyo kwa sababu msibani walitangaziwa kuwa kijana kafa kwa moyo. Thabit hakuwa na pumzi, na bila pumzi sauti haitoki.

Wazee wakarudi kwenye mazungumzo yao. Sabah, daktari kijana, binti wa mtaa huohuo, alikuwa amewaomba nyumba ya wakfu iliyokaa tupu. Alitaka wanaojidunga unga wajidungie humo, kwa sindano safi, nesi akiwatazama, ili anayezidiwa aamshwe.

"Kesho watataka na mito," alisema Bakhit. "Tuwatandikie kabisa!"

"Mtaa wetu hauna watu hao," alisema Mzee Yaarub.

Nasr aliuvuta mkono wa kanzu yake hadi kwenye vidole.

Thabit aliwafuata nyumbani. Nasr alipoingia choo cha uani na kujifungia kwa ufunguo, Thabit alikaa kitako mlangoni, uso kaelekeza kwenye mbao, akimtazama ndugu yake kupitia humo kama mtu atazamavyo dirishani. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Mama yao, Bi Shaikha, alimletea mto wa kukalia. Yeye ndiye aliyemkuta Thabit katika choo hicho, kichwa kimeegemea ndoo, amekwisha kuwa baridi. Tangu hapo, kila Nasr alipokawia, aligonga na kusema, "Nasr, chakula kinapoa." Hakusema zaidi.

Habari zilipofika sabla, watu walipumua.

"Basi mtazamaji tunaye," alisema Bakhit. "Hali, halali, wala hatoi siri. Nyumba ya nini tena?"

Walicheka. Mzee Yaarub alicheka pia, kidogo. Wakakubaliana nyumba ibaki imefungwa, na daktari apewe shukrani.

Siku moja Bi Shaikha alitoka kuanua nguo, akamwona Thabit amesimama. Kinywa kilikuwa wazi. Alikuwa akiupiga mlango wa choo kwa viganja vyote viwili, na mlango hautoi sauti. Bi Shaikha akapiga kelele kwa niaba yake. Mzee Yaarub akauvunja mlango. Daktari Sabah akaja mbio miguu mitupu, akampulizia Nasr pumzi, akamchoma dawa, mpaka midomo ile ya buluu ikarudiwa na rangi.

"Mmeona?" alisema Bakhit kule sabla. "Marehemu anafaa."

Fundi akaletwa, akatia mlango mpya wenye kitasa imara.

Haikupita wiki, Nasr akaingia tena. Thabit akakaa mahali pake. Bi Shaikha alikuja akakaa chini, bega kwa bega na mwanawe aliyekufa. Mzee Yaarub alikuwa bombani akitia udhu.

"Nasr," aliita Bi Shaikha, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Shaikha, taratibu. Majirani watasikia."

"Na wasikie. Nasr, baba, usifunge. Njoo hapa ujidunge mbele yangu, mie nkutazame. Nnakutaka hai, hata na sindano yako."