Jezi ya Mashaka

"Huyo si Mashaka," Bi Chausiku alisema, na hakuna aliyemsikia, kwa kuwa spika za kwenye hema la wageni zilikuwa zinapiga singeli kwa nguvu ya kung'oa bati.

Timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Makontena, vijana wa Kurasini, hawakupita getini. Waliruka ukuta mmoja mmoja, maana kamati yao ya ufundi ilikuwa imesema geti limeharibiwa kwa uchawi tangu alfajiri, na kamati ya ufundi haibishiwi hata ikisema wapite chini ya ardhi. Wa mwisho kuruka alikuwa namba saba. Kichwani alifungwa bandeji pana, kama mtu aliyetoroka wodini, na jezi aliichomekea vizuri ndani ya bukta. Bi Chausiku alipangusa vumbi kwenye kioo cha kishikwambi kwa ncha ya kanga, akamtazama tena.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefua jezi za Makontena. Jezi kumi na nane kila Jumatatu, beseni tatu uani kwake, sabuni ya mche na brashi. Ukifua uchafu wa mtu muda wote huo unamjua kuliko anavyojijua. Jezi ya Mashaka hurudi imechafuka ubavu wa kulia, kwa sababu anateleza kwa upande huo, na kola yake imetafunwa, kwa sababu anaitafuna akisubiri kona. Na kuchomekea hachomekei. Hakuchomekea hata siku ya harusi yake, na Bi Chausiku alikuwepo.

Ujuzi huo ndio uliomtoa kwenye beseni. Miezi minne nyuma kijana mmoja wa Kihindi, Mufaddal, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Temeke, alikuja mpaka uani kwake na raba nyeupe, akaamkia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza wazo lake. Alikuwa anatengeneza tovuti inayoitwa Kikosi Leo. Siku ya mechi unaingia kwa simu yako, unachagua wachezaji sita kutoka timu mbili zinazocheza, na kila wanachokifanya uwanjani kinakupa pointi: goli, pasi ya goli, kuokoa, kunyang'anya mpira. Mechi ikiisha, mwenye pointi nyingi ndiye mshindi wa siku. Wengine wenye michezo ya namna hiyo walikuwa wamekimbilia ligi za Ulaya. Yeye alitaka ndondo, mpira wa mtaani, kwa kuwa huko ndiko watu wanakojuana. Shida ilikuwa kwamba ndondo haina kamera wala takwimu. Alihitaji mtu wa kukaa kando ya mstari, anayemtambua kila mchezaji hata akigeuza mgongo.

"Hiyo si kamari?" Bi Chausiku alimuuliza, mikono yake ikiwa na povu.

"Hapana, mama. Kamari ni bahati. Hii ni akili. Anayewajua wachezaji ndiye anayeshinda."

Jibu lile lilimkaa moyoni. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua kuhusu mpira ni akili. Wanaume wa Kurasini walimwita dobi, na siku ya mechi hawakumruhusu hata kusogelea benchi, eti mwanamke analeta mkosi. Jezi alizozifua yeye ndizo walizovaa, lakini mkosi haukuwa kwenye jezi, ulikuwa kwenye miguu yake. Basi akakausha mikono, akajifunza kishikwambi. Mwezi wa kwanza kilimtoa jasho. Wa tatu alikuwa anabonyeza bila kukiangalia, macho yakiwa uwanjani tu.

Leo tovuti ilikuwa inafunguliwa rasmi kwa fainali hii ya Chamazi. Mufaddal alikuwa amemwahidi kwamba siku ikienda vizuri atapewa barua ya ajira, yeye Chausiku, mkuu wa takwimu. Barua yenye muhuri. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajawahi kukitaka kitu kama alivyoitaka barua ile.

Na sasa aliyevaa jezi ya Mashaka hakuwa Mashaka. Alikuwa winga wa ligi kuu, mtu ambaye klabu yake ikimkuta kwenye vumbi hili itamkata mshahara, ndiyo maana ya bandeji. Mamluki. Ndondo na mamluki wamezoeana; anatoka mtu huko, anavaa jezi ya mwenzake, anacheza kwa jina la mwenzake, anapewa chake anaondoka. Siku nyingine watu hucheka yakaisha. Lakini leo watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamepanga vikosi, na zaidi ya nusu walikuwa wamemweka Mashaka, kuli wa bandari kavu aliyefunga katika kila mechi tangu raundi ya kwanza. Vikosi vilikuwa vimefungwa robo saa iliyopita. Hakuna aliyeweza kubadilisha tena.

Refa akapuliza filimbi. Mbele ya kila jina kwenye kioo kulikuwa na vitufe vya kijani, na mwishoni kimoja chekundu kilichoandikwa HAYUPO. Bi Chausiku alitafuta jina la Mashaka akabonyeza chekundu.

Dakika ya tisa namba saba aliwalamba chenga mabeki wawili wa Mbande, wapinzani wao wa fainali, akapiga mpira ukaingia kona ya mbali ya goli. Lilikuwa goli zuri, na Bi Chausiku, ambaye hana unafiki na mpira, alilisifu kimoyomoyo. Kisha hakuandika kitu.

"We mama!" Kijana aliyesimama nyuma yake alimletea simu mpaka puani. "Mbona Mashaka ana sifuri? Jamaa katupia, we umelala?"

"Mashaka hajacheza."

"Hajacheza vipi na yule pale?"

"Mwangalie vizuri."

"Mnatuzingua bana! Tovuti yenyewe siku ya kwanza, ishaoza!"

Maneno hayo yalisambaa upesi kando ya kamba iliyozungushwa uwanjani. Haikupita muda Mufaddal akashuka kutoka hemani, fulana yake mpya ya Kikosi Leo imelowa jasho mgongoni. Mkononi alikuwa na orodha ya wachezaji.

"Bi Chausiku, mtandao unasumbua?"

"Mtandao mzima."

"Sasa mbona Mashaka hayupo?"

"Kwa sababu hayupo."

Mufaddal akamwonyesha orodha. "Namba saba, Mashaka. Refa kasaini hapa chini."

"Refa kasaini karatasi. Mie naandika watu."

"Mama, tafadhali. Watu wanatutukana. Siku ya kwanza, na wanamwona kwa macho yao anafunga, kwenye simu hamna kitu."

"Wanaona jezi," alisema Bi Chausiku. "Hiyo jezi naijua kuliko wao."

Nyuma ya Mufaddal alikuwa amefika mfadhili wa Makontena, bosi Audax, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu mwenye tumbo la kumtangulia na sauti ya kumfuata. Kampuni yake ndiyo ingekuwa ya kwanza kuweka tangazo kwenye tovuti. Alimwangalia Mufaddal, siyo Bi Chausiku.

"Huyu si yule dobi wetu? Ndiye uliyempa mashine?"

"Hata salamu, bosi Audax?" Bi Chausiku alimjibu yeye, macho yakiwa uwanjani, kidole kinampa beki wa Mbande pointi ya kunyang'anya mpira. "Miaka yote nakufulia, hata habari za mchana?"

"Mama, tusifike huko. Kazi yako kubonyeza. Bonyeza Mashaka. Nani anaumia? Watu wanapata pointi zao, kijana anapata jina, mimi napata kombe."

"Na kijana mwenyewe yuko wapi?"

Audax akatoa simu, akasema maneno mawili matatu.

Mashaka alitokea nyuma ya ukuta wa vyoo. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo na yeye alivaa koti zito, kofia yake imefunika mpaka nyusi. Alikuja kando kando, anaangalia chini, mtu mzima wa miaka thelathini anatembea kwa kujificha kwenye mechi yake mwenyewe. Bi Chausiku alipomwona hivyo hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mguu mzima?"

"Mzima." Akatazama uwanjani. "Wameniambia nikae pembeni leo tu. Msimu ujao nafasi yangu ipo. We andika tu, shangazi. Si jina langu ndo linapanda? Zuena yuko nyumbani anaangalia kwenye simu, na mama yake, na majirani wamejaa pale. Wanajua nacheza."

Hapo Bi Chausiku aliumia. Alimjua Zuena, mke wa Mashaka, tangu binti huyo hajavunja ungo. Akilini alimwona ameketi mkekani, simu katikati ya wanawake, anasubiri jina la mumewe lipande juu, na sifuri haitoki. Kidole chake kilisogea kwenye kioo, kikasimama. Ingekuwa rahisi. Kingekuwa kitendo cha huruma hata, na barua ingekuja na muhuri wake.

"Ukirudi akikuuliza goli ulilifungaje, utamwambiaje?"

Mashaka akaivuta kofia chini zaidi.

"Umewabeba hawa tangu raundi ya kwanza," alisema Bi Chausiku. "Mchana unabeba mizigo, jioni unawabeba wao. Leo kombe lipo mezani wamekuficha chooni, halafu wanataka na mie nikufiche humu ndani. Siwezi, mwanangu. Wakufiche wao. Mie sikufichi."

Mashaka akageuka, akarudi alikotoka.

"Umeona?" Audax alimwambia Mufaddal. "Mwenye jina kakubali, mbonyezaji kakataa. Mtoe. La sivyo lile tangazo langu lisahau."

Mufaddal alitazama hema, akatazama watu waliokuwa wanatikisa simu kwenye kamba, akanyoosha mkono. "Nipe, Bi Chausiku. Nisamehe. Nipe."

Alimpa. Akainuka kwenye kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kanga kana kwamba anamkaribisha mgeni.

"Kaa," alisema. "Uliniambia anayewajua wachezaji ndiye anayeshinda. Haya, waandike."

Mufaddal akakaa. Makontena walikuwa wanapasiana kwa kasi upande wa kushoto; mpira ulitoka kwa mmoja mwembamba, ukaenda kwa mmoja mfupi, ukapotea, ukanyang'anywa, ukarudi. Namba zilikuwa zimefunikwa na vumbi. Kidole cha Mufaddal kilipaa juu ya kioo, kikatua, kikafuta, kikapaa tena.

"Huyu aliyeokoa ni nani?"

Bi Chausiku alikuwa anafunga kanga yake upya kiunoni.

"Mama, huyu? Yule mrefu?"

Dakika nne zilipita bila hata pointi moja kuingia, kwa mtu yeyote, wa timu yoyote. Simu mfukoni mwa Mufaddal ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Alisogeza majina mpaka la Mashaka, na chini ya kitufe chekundu kulikuwa na kingine, kidogo: RUDISHA. Kidole chake kikakaa juu yake. Audax alikuwa ameinama begani kwake, anapumua kwa nguvu.

Ndipo namba saba akaangushwa ndani ya boksi, na refa akanyoosha kidole kwenye alama. Penalti. Uwanja mzima uliruka. "Ma-sha-ka! Ma-sha-ka!" Watu walipiga makofi, wakapiga madebe, wakapiga na migongo ya wenzao. Mtu wa bandeji akauchukua mpira, akauweka kwenye alama, akarudi nyuma hatua tano akiangalia chini.

Bi Chausiku ndiye aliyemwona kwanza. Kutoka kwenye ukuta wa vyoo mtu alikuwa anakuja, na safari hii hakuja kando kando. Alivua koti akalitupa chini. Aliinua kamba akapita chini yake, akatembea mpaka kwenye mstari wa chokaa, akasimama pale kichwa wazi, mikono imening'inia, mbele ya kila mtu aliyewahi kubeba naye mzigo.

Waliokuwa karibu walinyamaza. Halafu waliofuata. Ukimya ulizunguka uwanja polepole, mpaka madebe nayo yakaacha, na Audax akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Kutoka ng'ambo, kwenye kundi la makuli wa Kurasini, mwanamume mmoja akaita, siyo kwa kushangilia, bali kama unavyomwita mtu barabarani.

"Mashaka!"

Aliyesimama mstarini aligeuka. Aliyesimama kwenye mpira hakugeuka.

Mufaddal alitoa kidole kwenye kioo.

"Kiti changu," Bi Chausiku alimwambia.

Mufaddal akainuka. Bi Chausiku akakaa, akapakata kishikwambi chake, akainua macho. Pale kwenye boksi refa alikuwa na filimbi mdomoni, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, na hapulizi.