Chupa Moja, Mirija Miwili

Mimi Shimba sikuwahi kushindwa. Waulize watu wa Buhongwa, hata wale wasionipenda. Miaka ishirini na miwili nilipanga pamba ya wakulima kwa macho na vidole, hii safi, hii fifi yenye madoa, na hakuna aliyewahi kunipitishia fifi chini ya gunia. Wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao, chama chetu cha ushirika kikayumba, nikapunguzwa kazi. Kata haikuniacha nikae bure. Wakanifanya mwenyekiti wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Huko nako nilitia fora. Ndoa thelathini na nane zilipita mezani kwangu, na zote nikazirudisha nyumbani. Dawa yangu ilikuwa soda. Mume akishaapa mbele ya baraza, ananunua chupa moja, nachomeka mirija miwili, wanakunywa vichwa vikigusana. Watu wanapiga makofi, katibu anaandika: wamepatana. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Mahali hapo palikuwa peupe tangu nianze, nami nilipenda kuwaonyesha wageni.

Katibu wangu, Specioza, alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mwenye mwandiko mzuri na maneno machache.

"Mwenyekiti," alikuwa akiniambia, "bila neno hilo mahakama haisikilizi shauri la talaka. Mwanamke anaishia mlangoni."

"Mwalimu, talaka si kazi yetu."

Basi anafunika kalamu yake.

Modesta binti Masalu alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani, kule ufukweni. Vidole vyake vilijaa makovu madogo ya kisu, lakini yale ya usoni hayakutoka kiwandani. Alikuja mara ya kwanza mwaka tisini na tano kumshtaki mumewe, Nkwabi. Nikawanywesha soda. Akaja mara ya pili, nikawanywesha. Mara ya tatu mdomo wake ulikuwa umepasuka, akauweka mrija pembeni mwa mdomo ili usimchome, nami, Mungu anisamehe, nikadhani anatabasamu.

Mara ya nne alikuja na mkono wa kushoto kwenye plasta, na fomu ya polisi, PF3, ikiwa imejazwa na daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Keti." Nikamgeukia Nkwabi, aliyekuwa ameweka kofia magotini kwa adabu zote. "Na huu mkono je?"

"Mzee, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa namlekebisha tu."

Sisi Wasukuma r na l hututeleza, na Specioza alikuwa amezisahihisha kwa watoto miaka thelathini. Siku hiyo hakuisahihisha. Alifungua kitabu cha Sheria ya Ndoa, akasoma kifungu cha sitini na sita: mila iseme inavyosema, hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo.

"Sheria ya mwaka sabini na moja," akasema. "Mwaka huu imetimiza miaka ishirini na mitano."

Nikakohoa. Nkwabi akaapa kwa jina la baba yake, akaapa vizuri sana, maana alikuwa ameshazoea. Soda ikaja, nikachomeka mirija.

Modesta hakuinama. Aliisukuma chupa kwa mkono wake mzima mpaka ikafika mbele yangu.

"Kunywa wewe naye, mzee."

"Unasemaje?"

"Mara ya kwanza alinipiga mimi, nikaja kwako. Akakuapia wewe. Tangu siku hiyo anachovunja ni neno lako. Vipigo vyote vilivyofuata alikupiga wewe, ila mgongo wangu ndio uliokuwa karibu. Wewe ndiye wa kupatana naye. Kunywa."

Hakupandisha sauti. Niliyepandisha ni mimi. Nilimwambia hana adabu, nikagonga meza mpaka soda ikamwagika kwenye karatasi za katibu.

Hapo Nkwabi akacheka. Aliniinamia kama tuliozaliwa tumbo moja, akaninong'oneza, "Umeona, mzee? Ndivyo alivyo. Hata wewe ungemlekebisha."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa bado juu ya meza, umekunja ngumi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo. Kumbe muda wote huo nilikuwa nikipitisha fifi kwa jina la safi, mimi mwenyewe, na kupigiwa makofi juu yake.

"Mwalimu, nipe kalamu."

Mwandiko wangu si mzuri, lakini niliandika mwenyewe, polepole: Baraza limeshindwa. Nikapiga muhuri.

"Mzee!" Nkwabi alisimama, kofia ikaanguka. "Wewe hujawahi kushindwa!"

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Modesta aliisoma karatasi yote, neno kwa neno, kisha akaitia ndani ya kanga iliyoubeba mkono wake. Alitoka akitembea wima, na mimi nikasimama mpaka alipovuka barabara ya Shinyanga. Sijawahi kumsimamia mtu kwa heshima hivyo, hata bwana mkubwa wa chama.

Mahakama iliivunja ndoa ile. Ikampa sehemu yake ya nyumba, kwa kuwa mabati yalitokana na jasho lake la sangara. Kwa ule mkono Nkwabi alishtakiwa kando, akafungwa.

Mwisho wa mwaka afisa wa wilaya alikuja kukagua ripoti yetu. Akasoma, akaishika miwani.

"Mzee Shimba, hapa kwenye zilizoshindwa pana moja. Mmekosea?"

"Hapana," nikamjibu, kifua mbele. "Hiyo ndiyo niliyoifanya sawasawa. Ni hizo nyingine ndizo nina wasiwasi nazo."

Nikamgeukia Specioza. Alikuwa ameshafunua kalamu, na orodha ya wanawake wa ndoa nilizozirudisha iko mbele yake. Nikamwambia aanze kuwaita, mmoja mmoja, bila waume zao, na bila soda.