Nchi Iliyo Chini ya Shamba la Silvanus

Siku waliyomchimbia bibi yake Blandina kaburi, ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukalala juu ya mashamba mpaka saa nne, na wachimbaji wakaanza kazi wakiwa wamevaa makoti. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamekwisha kubandika masufuria ya maharage. Viti vya plastiki vya kanisani vililetwa na trekta, viwili vikiwa vimevunjika miguu, vikaegemezwa ukutani mtu asije akavikalia kwa kusahau.

Blandina alikuwa kidato cha nne. Tangu utotoni alilala chumba kimoja na bibi huyo, ambaye nyumbani wote walimwita Aama, na asubuhi hiyo hakutaka kukaa ndani. Akapewa kazi ya kuwapelekea wachimbaji chai. Alipofika na birika, mzee Hhando alikuwa ndani ya shimo, udongo umemfika kifuani. Alipiga sururu. Sururu ikazama yote, ikamponyoka mikononi, ikapotea. Pale ilipopitia pakatoka mwanga.

"Tumetoboa," alisema Hhando, akanyoosha mikono avutwe.

Wenzake wakamvuta. Silvanus, baba yake Blandina, ambaye ndiye mtoto wa marehemu, alisogea akachungulia, akashika kiuno. Alisema marehemu baba yake aliwahi kumwambia kwamba udongo wa shamba hilo ni mwembamba, ila hakudhani ni mwembamba kiasi hicho. Katekista akaitwa. Naye akachungulia, akavua kofia, akasema jeneza haliwezi kushushwa hapo, litaanguka limuumize mtu. Basi wakasogea upande wa migomba wakaanza kaburi jingine, safari hii kwa jembe, polepole. Hhando aliomba chai iongezwe sukari kwa sababu sasa kazi imekuwa mbili.

Aama alizikwa saa tisa alasiri. Watu walipokwisha kula, waliotaka kuchungulia wakapanga mstari kwenye lile shimo la kwanza. Wazee walitangulia, kisha wajawazito, kisha wengine. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Zamu yake ilipofika, Blandina alilala kifudifudi akaingiza kichwa. Mwanzoni hakuona kitu ila weupe, kama mtu anayesimama ukingoni mwa kreta asubuhi ukungu haujaondoka. Kisha weupe ule ukafunguka.

Nchi ilikuwa chini yake, pana, imetandazwa mpaka macho yalipokoma. Haikuwa na jua. Mwanga ulitoka ardhini, ukipanda kwenye majani kama moto mdogo wa jikoni usio na moshi. Makundi ya ng'ombe yalikwenda taratibu, na vumbi lao lilikuwa la dhahabu. Upande wa mbali mvua ilikuwa inanyesha, na huko mvua hupanda: matone yaliondoka ardhini yakielekea juu, yakimetameta, na watoto walikuwa wameinamisha vichwa ili iwalowanishe nyuso. Watu walikuwa wengi. Ajabu moja ni kwamba umbali haukuwapunguza. Aliye mbali kabisa, ukimtazama, ulimwona mpaka kope zake. Blandina alihisi kifua chake kinajaa, kinajaa tena, hadi akadhani atapaa au ataanguka, na hakujali itakuwa lipi.

Ndipo akamwona Aama. Alikuwa anakuja kwenye nyasi bila mkongojo, akitembea kama mtu anayewahi mnada. Watu walimngoja na mabeseni. Walimkalisha juu ya jiwe, wakamvua viatu, na msichana mmoja akapiga magoti akaanza kumwosha miguu. Msichana huyo alivaa koti la kijani la ulinzi, limemzidi, mikono imekunjwa. Kiwiko kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi ule Blandina aliujua. Alikuwa ameushona yeye mwenyewe. Lilikuwa koti la baba yake, lile alilosema limeibwa kwenye kamba ya nguo. Na msichana alikuwa Laurencia.

Laurencia alikuwa mtoto wa Selestina, jirani wa ng'ambo ya korongo. Walikalia dawati moja na Blandina mpaka kiangazi cha mwaka uliopita, alipoondoka bila kuaga. Martini, mwenye loji na shamba la kahawa linalopakana na msitu, ndiye aliyekwenda kwa Selestina kumweleza kwamba amemtafutia binti kazi nzuri Arusha, kwa jamaa zake. Tangu hapo alikuwa akimletea Selestina sukari na mafuta ya kupikia, na Pasaka akamletea kanga. Vyote alisema vimetumwa na mtoto.

Jioni, watu walipopungua, Blandina alimfuata baba yake zizini. Alikuwa anakamua.

"Baba, koti lako nimeliona."

"Liko wapi?"

"Kalivaa Laurencia."

Silvanus aliendelea kukamua. 

"Linamtosha?" aliuliza.

"Limemzidi. Amekunja mikono."

Basi akamwambia. Silvanus alikuwa mlinzi kwenye kahawa ya Martini, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwasha waya wa kuzuia tembo kila jioni na kuuzima kukipambazuka. Waya huo haukuwa wa kushtua tu. Martini aliuunganisha na umeme wa nguzo, ule ule uliochemsha maji ya wageni, kwa sababu tembo walikuwa wamekwisha kuzoea ule mdogo. Asubuhi moja Laurencia alikuja kuokota kuni kabla waya haujazimwa.

"Nilimkuta ameushika," Silvanus alisema. "Kulikuwa na baridi. Nikamfunika."

Martini alipofika alimwambia kwamba aliyevuta waya na aliyewasha watafungwa pamoja, au hatafungwa yeyote. Wakamzika katikati ya mistari ya kahawa.

"Nilichimba mwenyewe," alisema Silvanus. "Nilichimba vizuri."

"Mama yake anatugawia ile sukari, baba."

"Najua. Ndiyo maana mimi huwa nakunywa chai bila sukari."

Blandina aliipokea ndoo kutoka kwa baba yake. Alimpenda, na alitamani aondoke mbele yake, yote mawili kwa wakati mmoja.

Kesho yake alivuka korongo. Njiani alipanga maneno, lakini alipomkuta Selestina anachambua maharage ya ngwara uani, maneno yote yakamtoka. Alisema tu, "Shikamoo, mama Laurencia. Njoo ukachungulie kwetu."

Selestina alijifunga ile kanga ya Pasaka. Alidhani anakwenda kuwasalimia marehemu wazazi wake. Alilala kifudifudi pale shimoni, akawatafuta, na aliyemwona ni mwanawe ameketi kando ya mto, anamtazama.

Sauti ilipita vizuri pale ukisema taratibu. Ukipiga kelele haikufika.

"Kanga nimeipata, mwanangu," Selestina alisema.

Laurencia alimwuliza mama yake, "Kanga gani, aayo?"

Selestina alikaa vile vile mpaka ng'ombe wa Silvanus waliporudi malishoni wakamzunguka. Alipoinuka aliivua kanga, akaikunja, akaiweka chini ya mgomba, akaenda zake na gauni lake la kazi. Silvanus alimfuata, akamwonyesha mahali penyewe kwenye kahawa. Walisimama pale wawili wakati wafanyakazi wanachuma, na Selestina akamwuliza kichwa cha mwanawe kilielekea upande gani.

Askari alikuja kwa pikipiki. Alichungulia shimoni akamwuliza Laurencia jina lake, umri wake na namna alivyokufa, na Laurencia akajibu yote kwa adabu. Askari alimshukuru. Kisha akaeleza kwamba shahidi aliye upande ule hawezi kuapishwa upande huu, na kwamba waya ni wa tembo, na tembo ni tatizo la kweli. Aliomba kuchungulia tena kwa jambo lake binafsi. Aliongea na mtu kwa muda mrefu, akaondoka macho yamemwiva.

Martini naye alikuja kuchungulia, amevaa suti ya kanisani. Laurencia ndiye aliyekuwa karibu.

"Shikamoo," alisema Laurencia.

"Marahaba," akaitikia Martini.

Kisha akamtafuta mama yake mzazi. Mama alimwambia amekonda, ajitunze. Martini alilia bila kujificha, na kesho yake akaleta mabati, yale mazito, shimo liezekwe lisiingiliwe na mvua. Selestina alipewa mifuko ya saruji kwa ajili ya kaburi. Hakuikataa wala hakuigusa, ikagandia pale ilipopakuliwa.

Wiki ile ile Blandina aliingia kwenye kibanda cha umeme akazima waya. Baba yake alimwona akafanya kama hajaona. Tembo waliingia. Walipita kwenye kahawa bila kugusa sana, wakatokea upande wa pili, wakamaliza mahindi ya Hhando, ya katekista na ya Selestina. Kikao cha kijiji kilikaa chini ya mabati mapya, karibu na shimo, ili na waliotangulia wasikie. Watu waliongea kwa huruma. Hhando alisema yeye amemzika karibu kila mtu kijijini na hapendi mtoto azikwe bila yeye kuitwa. Lakini pia ana wajukuu, na wajukuu wanakula. Kikao kikaomba waya uwashwe. Martini akaweka kufuli kibandani, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kikali na tembo walikuwa wanatoka msituni hata saa za mchana, akaagiza usizimwe kabisa.

Blandina akabaki na shimo. Alikwenda pale baada ya masomo, akalala kifudifudi, akamsomea Laurencia yale waliyofundishwa, kwa sababu Laurencia alitaka kujua baiolojia iliishia wapi. Wakati mwingine hakusoma, alitazama tu. Hakuuzoea mwanga ule. Kila alipoingiza kichwa ilikuwa kama siku ya kwanza, na kila alipokitoa dunia ya juu ilionekana imefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Aama alimkemea kwa hilo. Alimwambia akale, akacheke na wenzake, nchi haitahama. Kule chini walifika Wairaqw, Wamasai, hata mzungu mmoja aliyetafuta kambi yake kwa siku kadhaa. Wakristo na Waislamu walifika mahali pamoja. Jambo hilo lilishazungumzwa kijijini, kisha likaachwa.

Jumamosi moja, mchana, Laurencia alimkatiza.

"Ngoja," alisema. "Kuna mgeni."

Watu walikuwa wanasimama, wanachukua mabeseni. Kwenye nyasi alikuwa anakuja kijana amevaa jaketi la bodaboda, anageuza shingo huku na huku, mdomo wazi, kama mtu ambaye ukungu umemfungukia. Alikuwa Jumanne, mtoto wa Haruna mwenye duka la njia panda. Asubuhi ile ile alikuwa amempeleka mama yake Blandina zahanati.

Laurencia alipiga magoti akamvua viatu, akamwosha miguu. Jumanne aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umeungua kiganjani. Laurencia akafungua wa kwake, wakavilinganisha viganja.

"Upepo ulirusha kofia yangu ng'ambo ya waya," Jumanne alisema, kwa aibu kidogo. Kisha akatazama tena ile nchi. "Kumbe ni kukubwa hivi?"

"Bado hujaona mvua," Laurencia alimwambia.

Blandina alitoa kichwa. Alikaa kitako akisubiri macho yazoee. Upande wa kahawa kulikuwa kimya, hakuna aliyekwisha kupiga kelele, maana yake hakuna aliyekwisha kumkuta. Akajipangusa udongo kwenye sketi, akateremka njia ya duka.

Haruna alikuwa nje kwenye kibaraza anatawadha kwa swala ya adhuhuri. Alimwashiria apite ndani. Radhia, mama yake Jumanne, alikuwa amepiga magoti mkekani anapakua wali, amekwisha kuweka sahani za kutosha watu wote wa nyumba.

"Shikamoo, mama Jumanne."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Nawa mikono, Jumanne anafika sasa hivi tule."

Blandina alivua viatu, akaketi karibu naye kabisa, bega kwa bega, na kabla ya neno lolote akamwomba aweke mwiko chini.