Shamba Moja la Kumwonyesha Agronome

Julai ya mwaka tisini na tatu baridi iliwashukia wakulima wa nje ya mji wa Likasi bila haya. Siku tatu mfululizo kulipambazuka umande umeganda bondeni, na ya nne maharage ya kiangazi ya majirani kumi na wawili yalikuwa meusi, yamelala chini. Shamba la jirani yao Bibiane peke yake lilibaki kijani. Lilikuwa juu, kando ya barabara, na miezi miwili alikuwa amevunja kichuguu kwa jembe na kubeba udongo wake kwa beseni kichwani, kurutubisha pale mahali pabovu.

Sasa agronome, bwana shamba wa serikali, alikuwa anakuja na fomu yake: mazao, hali ya hewa, udongo. Misheni ya kanisa ingegawa mbegu kwa wale tu ambao fomu ingesema wameharibikiwa. Asiyepanda tena mwezi huo, Oktoba angepika nini? Mshahara wa kiwandani, uliowalisha zamani, ulikuwa umebaki hadithi.

Na mzee Octave, mwenyekiti wao, alifanya nini? Alifagia njia ya kwenda kwa Bibiane! Zamani, enzi za wakoloni, shamba baya lilimaanisha faini, hata jela, kwa hiyo mkaguzi alipitishwa penye majani mabichi na mashamba mengine yakafichwa. Sheria ile ilishakufa, lakini woga wake ulikuwa mzima, unakula na kunywa.

Agronome alisimama barabarani, akatazama maharage, akapiga mluzi.

"Très bien! Bonde yote iko hivi?"

"Yote, papa," Octave akajibu.

Kalamu ikaandika: nzuri.

Damu ikampanda Bibiane. Jasho lake mwenyewe ndilo liwanyime wenzake mbegu?

"Bongo!" akaupazia sauti uongo ule. "Papa agronome, kuya chini uone. Maharagi ya Marceline, jirani yangu, ilikufa. Ya bantu bote ilikufa na baridi!"

"Nyamaza, mama," Octave akamnong'oneza, akili yake kwenye ile faini ya zamani. "Batatulipisha amende."

"Amende gani? Weye unaogopa kitu ilishakufa, na batoto ya Marceline iko na njaa leo!"

Agronome alitazama viatu vyake safi. "Mama, nilishaandika."

"Basi utafuta."

Bibiane akamshika mkono wa koti mbele ya watu wote, akamteremsha bondeni kama mtoto mtukutu anayepelekwa kuogeshwa. Akamwekea kiganjani majani meusi, yakasagika yenyewe. Agronome akatoa kalamu. Akalikata lile neno, akaandika majina kumi na mawili, moja moja, wenyewe wamemzunguka.

Alipomaliza akamgeukia Bibiane. "Lakini weye, mama, shamba yako iko muzuri. Mbegu hautapata."

Bibiane aliwatazama majirani zake. Marceline aliinamisha kichwa. Kati ya wote kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumsemea.

"Andika vile iko," akasema.

Akapanda kurudi juu, kumwagilia maharage ambayo kesho wote wangekuja kuyaomba.