Saa ya Kinshasa

Kwa miaka minne Sebarenzi alilichukia daraja. Daraja lenyewe si kitu, mbao tano juu ya kijito, ukitoka Karuba kwenda upande wa Mweso. Asubuhi ile mbao mbili zilikuwa zimeng'oka, akakaa ng'ambo na pikipiki yake akingoja vijana wazipigilie misumari, na huko kwenye kituo cha afya mke wake Uwimbabazi alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Alipofika, simu yake ilionyesha saa tatu na nusu. Cheti alichopewa baadaye kilisema mtoto yu hai, mama amefariki saa tatu na dakika kumi. Basi ukikutana naye msibani, sokoni, popote, alikuambia hayo hayo: daraja lilimchelewesha dakika ishirini. Hata binti yake Shekinah, mtoto yule yule wa siku ile, aliijua hadithi hiyo kabla ya kujua kuhesabu.

Huyu Sebarenzi ni fundi wa kompyuta, na fundi mzuri, ila kituo kile hakukikanyaga tena. Kilichomrudisha ni Mama Adelaïde, muuguzi wa uzazi, aliyempigia simu mara nne akimbembeleza. Wauguzi walikuwa wamepewa vishikwambi vipya vya kuandikia dawa za wagonjwa, na seva, kompyuta kuu ya kituo, inavikatalia.

"Sindano ya saa ine inakataa," Mama Adelaïde alimweleza alipofika. "Inasema saa ine haiyafika. Sasa sisi tuko tunachoma watu sindano ya kesho?"

Sebarenzi alicheka kidogo, akajikaza, akaketi mbele ya mashine. Dirisha lilitazama uani, na uani kulikuwa na ile benchi ya wanaume wanaongoja wake zao, aliyokalia siku ile. Akaipa mgongo.

Kwanza alishuku betri ndogo ya ndani, ile inayotunza saa umeme ukikatika. Akaipima, nzima. Akatazama kama mashine inapata saa kwa njia ya satelaiti. Inapata, haijakosea hata sekunde. Ajabu hiyo. Saa ni sahihi na saa si sahihi! Akaandika timedatectl, amri ya kuiuliza mashine inavyosoma saa yake, na jibu likaja mstari kwa mstari. Penye eneo la saa paliandikwa Africa/Kinshasa.

Kumbe ni hilo tu. Nchi yetu ina saa mbili, kila mtu anajua: kule Kinshasa wakiwa saa tatu, sisi huku mashariki tumeshafika saa nne. Aliyeifunga mashine alichagua mji mkuu, akafunga begi lake, akaenda zake.

"Mama Adelaïde, hii mashini iko nyuma saa moja nzima."

"Eh, hiyo tunayua, papa. Iko na saa ya Kinshasa. Tunaongezaka moja mu kichwa, basi."

"Tangu lini?"

"Tangu waliifunga. Inaenda mu miaka tano."

Alikuwa ameshaanza kuandika amri ya kuihamishia Lubumbashi, ambayo saa yake ndiyo yetu. Vidole vikasimama.

"Na vyeti? Vyeti muko munaongeza?"

Mama Adelaïde alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua. "Cheti kinatoka vile mashini inaandika," akasema.

Saa tatu na dakika kumi ya Kinshasa. Fundi mzima, na hesabu ya kuongeza moja ikamshinda, akairudia mara mbili. Saa nne na dakika kumi. Yeye alifika saa tatu na nusu. Alinawa matope bombani kwa kuona haya kuingia mchafu, kisha akaketi kwenye benchi ile pale nje, kwa sababu kwetu mwanaume haingii uzazi mpaka aitwe. Alikuwa na chupa ya uji wa mke wake katikati ya magoti. Njaa ilimbana, akala ndizi mbili. Alikaa dakika arobaini akiwa na adabu zake, na Uwimbabazi yu hai nyuma ya ukuta.

"Aliniuliza?"

"Mara tatu. Kama ulishafika." Sauti ya Mama Adelaïde ilikuwa ndogo. "Nikamuambia ungali njiani. Sikuyua, papa. Mikono yangu ilikuwa mu damu, hakuna muntu aliniambia kama uko inje."

"Na daraja? Miaka ine unanisikia nasema daraja."

"Nilikusikia. Niliona ile daraja inakusaidia kubeba huzuni, nikaiacha. Unisamehe."

Sebarenzi alilia pale pale, mbele ya mashine, bila kujificha uso. Mama Adelaïde alisimama karibu naye, hakujua aweke wapi mikono yake. Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa shati, akamalizia kuandika amri, akabonyeza. Saa ikaruka mbele, saa moja nzima mara moja. Kishikwambi kikakubali sindano.

"Vyeti vya zamani vinabaki hivyo," alisema. "Hivyo mashini haiwezi kurekebisha."

Aliporudi jua lilikuwa bado juu ya mlima. Kwenye daraja alizima pikipiki, akazitazama zile mbao tano. Alitafuta ile chuki yake, hakuiona. Alivuka polepole.

Shekinah alimkimbilia barabarani, na kama kawaida yake kila baba anaposafiri, akamuuliza, "Papa, leo daraja ilikushika?"

Alimbeba, akamweka juu ya tangi la pikipiki.

"Haikunishika, mama," akamwambia. "Hata ile siku. Nilikuwa nimeshafika."