Televisheni Iliyokataa Kupona

Fundi alipofunga karakana yake na kustaafu, alirudi nyumbani na vifaa vyake vyote isipokuwa maneno. Mkewe alikuwa amejiandaa kuzeeka na mtu wa kuongea naye. Badala yake akapata mtu wa kumwekea chai.

"Chai, mzee."

"Weka hapo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya asubuhi. Ya jioni yalikuwa hayohayo, ila bila "hapo". Mama wa watu, aliyezoea kupiga soga mpaka sufuria iungue, akajikuta anazungumza na friji, na friji angalau ilikuwa inanguruma. Alimpenda mzee yule. Alikuwa amemkumbuka, na huku wanalala kitanda kimoja.

Siku moja, kwa kuchoka kukaa tu, fundi akaitoa stoo televisheni yao ya kwanza. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo kilichovimba, na ndani yake vitaa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo picha ije. Ilikuwa imekufa miaka mingi. Akaiweka sebuleni, akaiunganisha na king'amuzi, akafungua mfuniko wa nyuma, akaketi kwenye stuli.

Shida ni kwamba anayetengeneza televisheni hukaa nyuma yake, na picha hutokea mbele. Karakanani alikuwa na kioo cha kujitazamia alichokisimamisha mbele ya televisheni ili aione picha bila kuinuka. Kioo hicho kilivunjika siku ya kuhama, na goti lake nalo halikutaka habari za inuka kaa.

"Mama," akaita. "Hebu njoo ukae hapa mbele."

Mkewe akaja anafuta mikono.

"Unaona nini?"

Nusura mama alie. Lilikuwa swali la kwanza tangu mzee arudi nyumbani lisilohusu chumvi.

"Giza," akasema.

"Giza tupu, au kuna mwanga pembeni?"

Basi wakaanza. Kila alasiri fundi alibadilisha hiki, akalehemu kile, akauliza, na mkewe akajibu. Wakisubiri vitaa vipate moto, hadithi zikatoka. Fundi akasimulia habari za mteja aliyeleta redio ambayo panya walikuwa wamezalia ndani, kisha mteja huyo akauliza kama panya nao watarudishwa. Mkewe akacheka mpaka kilemba kikalegea. Naye akamsimulia ya majirani, ambayo yalikuwa mengi na mengine hata ya kweli.

Kisha, alasiri moja, picha ikaja. Ikaja safi, imetulia, msomaji habari unamhesabu nyusi. Mama akaitazama, akapiga hesabu haraka. Televisheni ikipona, mzee atahamia mbele yake, atafunga mdomo, na yeye atarudi kwa friji.

"Unaona nini?"

"Chenga tu, hakuna picha," akasema bila kupepesa macho.

Nyuma fundi akaweka bisibisi chini. "Chenga nyingi?"

"Zimejaa tele."

Kesho yake akasema picha inateremka. Keshokutwa yake akasema imebanwa ubavuni. Aliipa televisheni ile maradhi kama mfanyakazi anayetafuta ruhusa ya kutokwenda kazini, na kila ugonjwa fundi aliupokea kwa heshima, akaujadili, akaahidi dawa. Hakuinuka hata siku moja kuja kuangalia mwenyewe.

Siku moja mama akajisahau. "Huyu msomaji habari naye, nani kamshonea hilo koti? Mabega yote yanamkimbia."

Akauma ulimi.

"Pengine ni kapasita imekufa," fundi akasema kutoka nyuma ya sanduku.

Kila siku chai ya fundi ilipitishwa ubavuni mwa televisheni, naye hunyoosha mkono akaipokea. Lakini siku hiyo alikuwa amenogewa na hadithi ya mteja mwingine na mkono haukuja, hivyo mkewe akazunguka nyuma kumpelekea.

Mfuniko ulikuwa umefungwa. Skrubu zote zilikuwa mahali pake, na vumbi limeshatanda juu yake. Chuma cha kulehemu kilikuwa baridi, waya wake umezungushwa vizuri kama wa kitu kinachorudishwa stoo. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani. Hakuwa anatengeneza chochote, wala hakuwa ametengeneza chochote kwa siku nyingi.

Wakatazamana.

"Napumzisha goti," fundi akasema.

Mkewe akaweka kikombe. Alikuwa na mengi ya kusema, akaogopa kwamba akiyasema yataisha. Akarudi kwenye kiti chake. Mbele yake picha ilikuwa imetulia, safi kabisa.

"Mzee, mbona huniulizi?"

Fundi akakohoa. "Unaona nini?"

"Hali ni mbaya," akasema, akipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Kazi bado nyingi."

"Nilijua tu," fundi akasema, akanywa chai, akaendelea na hadithi pale alipoishia.