Adhabu ya Alhamisi

Kengele ya mwisho ilipolia, wasichana wote walitoka mbio isipokuwa mmoja. Alichukua ufagio pembeni, akasimama kusubiri adhabu.

Wenzake walimwita Mlinzi, maana tangu mwaka uanze alikataa dawati lolote lisilokuwa karibu na mlango. "Mlinzi, lango liko salama?" walimtania, naye hakucheka. Kuna siku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye hesabu, na kuna siku akili ilimhama kabisa, akawa kama hajawahi kuona namba. Leo alikuwa amerarua daftari la jirani yake vipande viwili, huku akimtazama mwalimu usoni.

Mwalimu wa darasa alimwombea kila alfajiri, magoti sakafuni. Alimwomba Mungu ampe yeye mwalimu moyo wa upole. Kwa upole huo jana aliandika barua nyumbani kuwaita wazazi, na kwa upole huo sasa alitabasamu.

"Leo hakuna kufagia, mwanangu. Nimekusamehe. Nenda nyumbani."

Msichana hakuuachia ufagio. "Lakini ni mimi niliyelirarua, mwalimu. Nilikusudia."

"Najua."

"Basi niadhibu."

Hodi ilibishwa, akaingia mwanamume nadhifu, shati limenyooka kwa pasi, barua mkononi. Alikuwa baba wa kambo wa msichana.

"Pole na kazi, mwalimu. Huyu binti atatuotesha mvi kabla ya wakati."

Mwalimu alicheka kidogo, akafungua daftari la makosa ili amwonyeshe.

"Mama yake angekuja mwenyewe," mwanamume aliendelea, "ila kila Alhamisi ana zamu ya usiku. Alhamisi tunabaki wawili tu."

Kidole cha mwalimu kilikuwa katikati ya ukurasa. Kuvunja kioo, Alhamisi. Kutukana, Alhamisi. Kumwaga maji darasani, Alhamisi. Mistari kumi na mmoja, yote kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kuisoma toka juu hadi chini. Aliinua macho. Msichana alikuwa ameukumbatia ufagio kwa mikono miwili.

Mwalimu alilifunga daftari.

"Samahani, mzazi. Hajamaliza adhabu yake."

"Si kitu. Nitamsubiri."

Akatoka, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha, akaanza kupiga mluzi.

"Fagia, mwanangu," mwalimu alinong'ona. "Fagia polepole."

Alitoa simu, akatafuta namba ya mama wa msichana, akapiga. Alikuwa anasali na hakujua anasema nini. Kisha akaenda kuketi kwenye dawati la karibu na mlango.

Msichana alimtazama pale alipoketi. Akageuka, akaupa mlango mgongo, akaanza kufagia kutoka kona ya mbali ambayo hakuwahi kuikaribia.

Simu iliita. Ikaita tena.

Nje, mluzi ulikoma.